Marehemu Edward Saidi Tingatinga, Mchora Wanyama

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu msomao gazeti hili la shule, katika toleo la muhula huu nimeonelea niwaandikie habari za maisha ya marehemu Edward Saidi Tingatinga. Jina lake mwalisikia mara nyingi wala hamlifikirii. Tingatinga ni mtambo mkubwa usukumao udongo barabara inapotengenezwa, na sisi tukaao Nyololo, kando ya njia kuu iendayo Mbeya, tumeyaona matingatinga tangu tulipokuwa wadogo. Tena wako wajuao kwamba Tingatinga ni jina la picha za rangi kali, zenye chui na twiga na ndege, zinazouzwa Dar es Salaam, Arusha na Unguja. Lakini nilipouliza bwenini kwetu, wengi walishangaa kusikia kwamba alikuwa mtu, mwenye baba na mama, mke na watoto, na kwamba alikufa kifo kibaya kabla ya kuona jina lake likienea.

Jambo lililonisukuma kuandika ni picha za Kijapani. Muhula uliopita mwalimu wetu alitueleza jinsi zilivyotengenezwa, nami nikaazima kitabu nikazitazama kwa siku nyingi. Yafaa nieleze kidogo, kwa maana zitatusaidia kumwelewa mtu wetu.

Katika mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 huitwa Tokyo, walikuwako mafundi waliochapa picha kwa mbao. Mchoraji alichora juu ya karatasi nyembamba. Fundi wa pili aliibandika karatasi ile juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga pembeni mwa kila mstari mpaka mistari ikabaki imeinuka kama maandishi ya mhuri. Fundi wa tatu alipaka rangi, akalaza karatasi safi juu yake, akaisugua kwa mkono. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, hata picha yenye rangi kumi ilitaka mbao karibu kumi, na zote zilipaswa kuangukia mahali pale pale pasipo kupishana hata kwa unene wa unywele. Ufundi huu wa rangi nyingi ulianza mwaka 1765. Juu ya hao watatu alikuwako mwenye duka, ambaye ndiye aliyetoa fedha na kuuza. Basi picha moja ilitolewa kwa mamia, na pengine kwa maelfu, na bei yake haikupita sana bei ya bakuli la tambi. Hata mchukuzi wa mizigo aliweza kununua moja akaibandika nyumbani kwake. (Sisi wa Mufindi tunakaa katikati ya mbao za Sao Hill na karatasi za Mgololo, na bado sijamwona mwenzetu hata mmoja aliyejaribu kuchonga ubao akachapa picha. Nasema hivi kwa kupita tu.)

Picha zile zilijaa wanyama wa hadithi. Kwa Wajapani, mbweha hujigeuza mwanamke mzuri akaolewa na mtu asiyejua. Paka akizeeka mno mkia wake hupasuka ukawa miwili, naye huwa jini. Chini ya ardhi amelala kambare mkubwa kupita kiasi, na akijitikisa nchi hutetemeka. Mwaka 1855 Edo ilibomolewa na tetemeko la ardhi, na baada ya siku chache tu mitaani zikauzwa picha za kambare za kila namna. Katika nyingine kambare anapigwa na watu waliopoteza nyumba zao, na katika nyingine anashukuriwa na maseremala, kwa kuwa amewaletea kazi. Alikuwako pia mchoraji aitwaye Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka 1861, mtu aliyependa paka kuliko kawaida. Serikali ilipokataza mwaka 1842 kuchapa sura za waigizaji wa michezo, Kuniyoshi aliwachora paka na samaki wenye nyuso za waigizaji wale wale, na watu wa mjini wakawatambua wakacheka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Sungura wetu. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, Sungura humwambia Simba maneno ambayo mtoto asingethubutu kumwambia mkubwa, na Fisi huumbuliwa kwa ulafi ambao sote tumewahi kuuona kwa mtu fulani tusiyemtaja. Nikajiuliza kama kwetu amewahi kutokea mtu aliyewatoa wanyama wale katika masimulizi ya jioni akawaweka katika picha, tena picha za bei ndogo, kwa vifaa vya mtu maskini. Yuko, naye ni Bwana Tingatinga.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu, karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, na ndiyo maana mtoto akawa na jina la Edward na jina la Saidi pamoja. Wazazi walikuwa wakulima wasio na mali. Elimu aliyoipata ilikuwa ndogo, na uchoraji hakufundishwa na mtu.

Tunduru ni nchi ya misitu mikubwa, na wanyama wa porini huko si watu wa kusimuliwa tu. Tembo hula mahindi ya mtu usiku mmoja akabaki hana kitu. Simba huingia vijijini. Mtoto wa huko hujifunza wanyama kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kwa nyayo anazoziona asubuhi njiani na kwa hadithi anazozisikia usiku, na hadithi zile si za kumstarehesha tu, bali humwonya pia. Sisi wa nyanda hizi za juu tusijifanye hatulijui jambo hili. Wazee wetu wanakumbuka simba wa Njombe, waliokula mamia ya watu katika miaka ya 1930 na 1940, mpaka Bwana Nyama mmoja, George Rushby, alipowawinda na kuwamaliza mwaka 1947. Katika vijiji vilivyopatwa na msiba ule watu waliogopa hata kulitaja jina la simba, kwa maana wengi waliamini kwamba si simba wa porini tu, bali ni simba waliotumwa na mtu. Kutoka hapa Nyololo kwenda Makambako si mbali, na huko nyuma ya Makambako ndiko mambo hayo yalikotendeka. Mjapani angeliisikia habari hii asingeona ajabu, bali angetafuta ubao achonge.

Mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, Edward aliondoka kwao akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Safari hii wengi wetu twaifahamu kwa masikio. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, na katika nyumba nyingi za Mufindi na Njombe yuko mzee aliyepelekwa Tanga kwa lori kukata mkonge, akapewa namba mahali pa jina. Siku hizo Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza mkonge, na mkonge ule ulikatwa kwa mikono ya watu wa kusini na wa nyanda za juu na wa nchi jirani. Miiba ya ncha za majani huchoma macho, na utomvu wake huwasha ngozi. Babu hakupenda kuisimulia kazi hiyo, na alipoulizwa alionyesha viganja vyake. Sitasema zaidi juu ya miaka ya Bwana Tingatinga huko Tanga, ila kwamba hakukaa sana.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam. Alikuwako huko ndugu yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mwingereza mtumishi wa serikali, na kwa njia ya ndugu huyo Edward alipata kazi ya nyumbani na bustanini. Akakaa upande wa Msasani, ambako watu wengi waliotoka kusini walikuwa wamejenga. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Wazungu wengi wa serikali walianza kurudi kwao, na watumishi wao wakabaki bila kazi. Edward naye alipata kuwa hivyo. Alifanya vibarua vya hapa na pale kama wafanyavyo watu wa mjini wasio na cheti wala mtaji. Hivyo ndivyo alivyofikia umri wa miaka thelathini na sita, na mpaka hapo hakuna mtu aliyemjua kuwa mchoraji.

Nawaombeni wenzangu mkae kidogo juu ya jambo hilo. Twapenda kuamini kwamba mtu mwenye kipawa hujulikana tangu utotoni, na kwamba aliyefika Kidato cha Nne bila kujua atakuwa nani amekwisha kuchelewa. Bwana huyu alianza mwaka 1968, naye alikuwa amekwisha kukata mkonge, kulima bustani za watu, kufua nguo za watu na kubeba mizigo.

Wakati ule Dar es Salaam walikuwako wachoraji waliotoka Kongo wakiuza picha mitaani. Walikuwako pia Wamakonde waliochonga vinyago vya mpingo, na tangu miaka ya 1950 baadhi yao walikuwa wakichonga mashetani, vinyago vya ajabu vyenye jicho moja au midomo mitatu, ambavyo wageni walivigombania. Yasemekana Edward aliziona picha za Wakongo akaona kwamba yeye naye aweza. Wataalamu wengine husema kwamba alifuata desturi ya kwao ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro ya watu na wanyama, na wengine hukataa wakisema aliivumbua njia yake papo hapo mjini. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua. Mtu akihama na kikapu chake, hafiki mjini akakiona kitupu.

Vifaa vyake vilikuwa vile alivyoweza kuvipata. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi za mafuta ziletwazo kutoka Ulaya. Alinunua ubao laini wa kuezekea dari, ule utengenezwao kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, akaukata vipande vya mraba vya karibu sentimita 60 kila upande. Rangi zake zilikuwa rangi za kupakia baisikeli, zilizouzwa kwa mikebe midogo. Rangi hii ni nzito na inang'aa, nayo haichanganyiki kwa urahisi kama rangi za maji. Ukiiwahi kabla haijakauka inavurugika. Kwa hiyo aliyeitumia alilazimika kupaka kwanza uwanja wote wa nyuma kwa rangi moja, akangoja ukauke, ndipo akamweka mnyama juu yake, akangoja tena, ndipo akatia madoa na manyoya na macho. Ukiitazama njia hiyo utaona kuwa imefanana na ile ya Edo, kila rangi kwa zamu yake na kila rangi peke yake. Wajapani walifikia huko kwa sababu ya mbao zao, na Bwana Tingatinga kwa sababu ya mkebe wa rangi ya baisikeli.

Picha zake za mwanzo ni rahisi kuzieleza na ngumu kuziiga. Katikati amesimama mnyama mmoja, pengine na ndege au mti mdogo. Nyuma yake hakuna mlima, hakuna anga, wala hakuna nyasi, ila rangi moja tupu. Mara nyingi mwili wa mnyama waonekana kwa ubavu, lakini uso umegeuka ukutazame wewe. Chui wake ana madoa yaliyopangwa kama mchoro wa khanga na macho ya mviringo yaliyokaza. Huwezi kumfundishia mtoto elimu ya viumbe kwa chui huyo, kwa maana miguu si sawa na mkia umezidi. Lakini mtoto yeyote aliyesimuliwa hadithi za chui atamtambua mara moja. Amesimama kama mtu aliyekatizwa katikati ya jambo lake, naye angojea kuona utasema nini. Kwa maoni yangu ndiyo sababu hakuchora nyasi. Katika hadithi mnyama hana nyasi. Hakuna asimuliaye rangi ya pori siku Sungura alipomdanganya Fisi. Kuna Sungura, kuna Fisi, na giza la usiku limewazunguka wasikilizaji.

Picha hizi aliziuza nje ya duka la Morogoro Stores, katika mtaa wa Oysterbay, mahali waliponunua mahitaji yao wageni na wakubwa wa serikali. Mkewe, Bibi Agatha, alisaidia katika kuuza. Bei ilikuwa shilingi chache tu. Wanunuzi wengi walikuwa wageni waliokuja kufanya kazi nchini, hasa kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, nao walizichukua picha hizo walipomaliza mikataba yao. Biashara ikakua hata yeye peke yake asiweze kutosheleza. Akawaita jamaa na vijana wa kwao wamsaidie, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Hawakukaa madarasani. Walikaa chini pamoja naye, mmoja akipaka uwanja wa nyuma, mwingine akijaza madoa, wakajifunza kwa kutazama mkono wa mwenzao, kama afanyavyo mtoto wa fundi seremala.

Shirika la taifa lililoshughulikia sanaa nalo likaanza kununua kazi zake. Alipata pia kazi katika hospitali ya Muhimbili, akawa na mshahara wa kila mwezi pamoja na fedha za picha. Yaani baada ya miaka mingi ya kutafuta, mambo yake yalikuwa yamenyooka. Nyumba ilikuwa na mke na watoto wawili wadogo.

Mwaka 1972, usiku, Dar es Salaam, polisi walikuwa wakiwafuata wahalifu waliokuwa wakitoroka. Bwana Tingatinga alikuwa garini. Wakamdhania kuwa ni mmoja wa wale waliokuwa wakitafutwa, wakafyatua risasi, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Kazi yote ya uchoraji, ile ambayo kwayo dunia inalijua jina lake, ilikuwa ya miaka minne.

Nimelitafakari sana jambo hili na sioni neno la kulipamba. Laiti gari lile lingalipita njia nyingine, pengine leo angalikuwa mzee wa miaka zaidi ya tisini, na tungalimwandikia barua kutoka shuleni kumwuliza kwa nini chui wake amegeuza uso. Aliyekufa hakuacha maandishi, hakuacha hotuba, na sauti yake hatuijui. Ameacha vipande vya ubao wa dari.

Sasa nirudi kwa wale wanafunzi wake. Alipokufa wangaliweza kutawanyika, kila mtu akarudi kwao au akatafuta kibarua. Hawakufanya hivyo. Waliendelea kuketi pale pale karibu na Morogoro Stores, wakachora kwa njia yake, wakaita ndugu zao, na ndugu wakaita ndugu. Wakaunda ushirika wao, na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Huko Edo desturi ilikuwa kwamba mwanafunzi hupewa sehemu ya jina la mwalimu wake. Mwanafunzi mmoja mashuhuri wa Kuniyoshi aliitwa Yoshitoshi, akachukua ile Yoshi. Vijana wa Msasani walichukua jina zima. Ndiyo maana leo picha iliyochorwa wiki iliyopita na kijana asiyemwona marehemu hata kwa picha huitwa Tingatinga, na mnunuzi hadhani kwamba amedanganywa.

Wako watu wenye elimu wanaozidharau picha hizi. Husema kwamba ni bidhaa za kuuzia watalii, kwamba zimefanana zote, na kwamba mtu aliyeona moja ameziona mia. Sikatai kwamba ziko zilizochorwa kwa haraka na bila moyo, nimeziona mwenyewe, zenye twiga kama wamepigwa muhuri. Lakini neno hilo hilo lilisemwa huko Japani. Picha za mbao zilihesabiwa kuwa kitu cha watu wa chini, na husimuliwa kwamba nyingine zilifika Ulaya zikiwa karatasi za kufungia vyombo vya udongo ndani ya makasha. Kisha wachoraji wa Ulaya wakazifungua wakashangaa. Vincent van Gogh, aliyekuwa maskini kama Bwana Tingatinga, alikusanya mamia ya picha hizo. Wajapani walipogutuka kwamba walikuwa na hazina, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Leo jumba moja tu la makumbusho huko Boston, Marekani, lina picha za Kijapani zaidi ya 50,000.

Na sisi je? Picha alizozichora marehemu kwa mkono wake mwenyewe zilikwenda na wale wageni. Nyingi ziko katika nyumba za watu Ulaya, na zinapopigwa mnada huuzwa kwa fedha ambazo mchoraji hakupata kuziona maishani mwake. Mtoto wa Tunduru anayetaka kumwona chui aliyechorwa na mtu wa kijiji chake inambidi awe na hati ya kusafiria. Hili ndilo linaloniuma. Wanunuzi siwalaumu. Walitoa shilingi zao kwa haki, tena walizitunza picha wakati sisi tulikuwa tukizipita tukienda sokoni. Tulichokosa ni mtu wetu mmoja, mwalimu au karani au mwenye duka, aliyetoa shilingi chache mwaka 1970 akatundika chui mmoja ukutani kwake akamwacha hapo.

Ajabu nyingine ni kwamba Wajapani wenyewe wamezipenda picha hizi kuliko watu wa mataifa mengi. Simon Mpata, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, alikwenda Nairobi akafanya kazi yake huko mpaka alipofariki katika miaka ya 1980, na jina lake likajulikana Japani hata hoteli iliyojengwa na Wajapani huko Maasai Mara, nchini Kenya, ikaitwa kwa jina lake. Maonyesho ya picha za Tingatinga yamefanywa Japani mara nyingi. Nadhani mjukuu wa mtu aliyenunua kambare wa mwaka 1855 hahitaji kuelezwa maana ya chui mwenye macho ya mtu.

Na wanyama wale wamekwisha kurudi katika hadithi. Mwaka 2010 ulianza mchezo wa katuni wa watoto uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza na nchi nyingine. Kila kipande hueleza asili ya jambo moja la mnyama mmoja, kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lililopasuka, kama zile hadithi za kwa nini tulizokua nazo. Wanyama wote wamechorwa kwa madoa na rangi za Msasani. Mdogo wangu aliutazama kwa jirani, akaja nyumbani akamsahihisha bibi namna hadithi ya kobe inavyokwenda. Bibi hakufurahi.

Mwenzetu atakayepata safari ya Dar es Salaam likizo ijayo, na apande gari la kwenda Oysterbay aulize Morogoro Stores, na hapo aulize wachoraji wa Tingatinga. Siku hizi huchora zaidi juu ya kitambaa, kwa kuwa mgeni aweza kukikunja akakitia katika sanduku, ila rangi yao bado ni ile nzito ya mkebe. Atawakuta wamekaa, kila mmoja na kazi yake, na pembeni zimeegemezwa picha zilizopakwa uwanja wa nyuma tu, nyekundu, buluu na manjano, zikingoja zikauke kabla mnyama hajatiwa.